Wanafunzi hewa wa Ohio: serikali izibane vipi shule za mkataba?

Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, wanafunzi wapatao 12,000 wa jimbo la Ohio, Marekani, walijikuta hawana shule. Shule yao, Electronic Classroom of Tomorrow, maarufu kama ECOT, ilikuwa ikifundisha kwa mtandao pekee. Anguko lake lilianza pale serikali ya jimbo ilipohesabu upya mahudhurio. Kwa mwaka 2015/16 shule ilidai ruzuku ya wanafunzi zaidi ya 15,000, wakaguzi wakaweza kuthibitisha masomo ya wanafunzi kama 6,300 tu. Tanzania tungesema ni wanafunzi hewa, ingawa wengi walikuwa watoto wa kweli wenye majina na wazazi. Kilichokuwa hewa ni saa zao za masomo.

ECOT ilikuwa shule ya mkataba, charter kama Wamarekani wanavyoziita. Shule hizi huendeshwa kwa fedha za umma na hazitozi ada, lakini hujitawala kwa bodi zake, nje ya ofisi ya elimu ya wilaya. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na makubaliano ni yale yale hadi leo: shule inaondolewa kanuni nyingi, nayo inaahidi matokeo. Ikishindwa, mkataba unavunjwa.

Wanaotaka serikali ikae mbali wana hoja nzito. Mwalimu mkuu wa shule ya kawaida ya mjini mara nyingi hana mamlaka ya kurefusha siku ya masomo wala kuchagua walimu wake. Boston ni ushahidi mzuri. Shule za mkataba za huko zilirefusha muda wa darasani na kuwakalisha wanaobaki nyuma na mwalimu katika vikundi vidogo. Waombaji wakizidi, nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, kwa hiyo watafiti wameweza kulinganisha waliopata na waliokosa, watoto wa mitaa ile ile. Waliopata walipanda sana, hasa katika hisabati. Ukizirudishia shule hizo kanuni zote za wilaya, unaondoa kilichozifanya zifaulu.

Ila Boston huwa inatajwa nusu nusu. Massachusetts, ni bodi ya elimu ya jimbo pekee inayotoa mkataba. Mkataba ni wa miaka 5, kisha unapitiwa upya, na idadi ya shule ina ukomo kisheria. Uhuru ule umekaa nyuma ya mlango mwembamba, na wembamba huo una gharama zake: mwaka 2016 wapigakura walikataa kwa asilimia 62 kulegeza ukomo, huku familia nyingi zikiwa kwenye orodha ya kusubiri. Mzazi aliyekosa bahati nasibu ana haki ya kuuliza kwa nini shule nzuri isiongezwe.

Ohio ilipanua mlango. Kila shule ilitakiwa kuwa na mdhamini wa kuisimamia, na mdhamini huyo aliruhusiwa kujilipa hadi asilimia 3 ya ruzuku ya shule. Hapo ndipo naona kosa kubwa kuliko yote. Msimamizi ambaye pato lake linakua kadiri orodha ya wanafunzi inavyorefuka atapata wapi moyo wa kuihoji orodha hiyo? Wakati huo huo, kampuni za mwanzilishi wa ECOT, Bill Lager, zililipwa mamilioni ya dola na shule hiyo kwa uendeshaji na programu za kompyuta.

Serikali ilipodai irudishiwe ruzuku iliyozidi, shule ilijitetea mahakamani kwamba sheria iliitaka itoe fursa ya masomo ya saa 920 kwa mwaka, si kuthibitisha kwamba mtoto amezitumia. Pia ililalamika kwamba kwa miaka mingi serikali ililipa kwa kuangalia uandikishaji, kisha ikageuza kipimo. Lalamiko hilo la pili silipuuzi, kwani serikali iliyonyamaza tangu shule ifunguliwe mwaka 2000 ilikuwa na sehemu yake ya lawama. Lakini kulipia masomo ambayo hakuna aliyeyasoma ni jambo lisilotetewa, na Agosti 2018 Mahakama ya Juu ya Ohio iliipa serikali ushindi.

Kwangu, serikali isimpangie mwalimu namna ya kufundisha. Ihesabu mahudhurio na fedha kila muhula, si baada ya miaka 15, na mdhamini alipwe na hazina moja kwa moja, kiasi kisichopanda na idadi ya watoto. Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulisahau. ECOT ilibeba watoto wengi walioshindwa kwingineko: wagonjwa, waliochoka kuonewa na wenzao, walioanza kulea. Fedha zilipoelekea kukatika kwa sababu ya ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikiidai shule, wao ndio waliohamishwa mwezi Januari. Mkataba wa kila shule ungedai akiba iliyotengwa, isiyoguswa na bodi wala na wadai, ya kutosha kuwafikisha wanafunzi mwisho wa mwaka shule ikifungwa.