Nimemfunga mjumbe drafti, sasa sina barua

Jamani mwenzenu nimeyatimba. Naishi Igoma, Mwanza, nilikuwa nataka barua ya utambulisho tu nipeleke mahali wanikopeshe hela ya nyavu za dagaa, na kwa mtaa wetu huwezi kufika ofisini mikono mitupu, lazima uanze kwa mjumbe wa nyumba kumi akuandikie kikaratasi na kugonga muhuri. Sasa huyo mjumbe ndo yule yule ninayecheza naye drafti kila jioni pale kwenye kahawa. Na juzi nimemfunga sita bila, mbele ya watu, bao la mwisho nimemla visoda vitatu kwa mpigo nikaingia kingi. Tangu siku hiyo muhuri "umekauka wino".

Nikamwambia mzee, mimi mwananchi bwana, Katiba ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Akaniangalia, akanyonya kahawa, akasema msingi si unakaa chini? Watu wakacheka mpaka muuza kashata akamwaga.

Ila hapa ndo panaponichanganya. Mjumbe ni wa chama, CCM, anachaguliwa na wanachama huko huko kwao, mimi sina kadi sikumchagua, lakini kuku akiibiwa naenda kwake, mgeni akilala kwangu naripoti kwake, barua kwake. Sasa chama kinaishia wapi serikali inaanzia wapi? Hii kitu imetoka enzi za TANU, chama kilikuwa kimoja kwa hiyo sawa, chama ndo serikali. Vyama vingi vimerudi 1992, muhuri kwetu haujapata taarifa.

Na hivyo vyama vingi vyenyewe, Tume ya Jaji Nyalali ilipita kuuliza watu, asilimia kama 80 wakasema tubaki na kimoja, kama 20 wakasema viwe vingi, tukapewa vingi. Sisemi walikosea, mimi mwenyewe navitaka, ila ndo siku hizi mtu akinambia wengi wape nauliza kwanza wengi wepi.

Babu yangu alikuwa anamuogopa mwanangwa, yule msaidizi wa chifu kijijini. Machifu wakafutwa 1963, babu akafurahi weeee, haukupita muda akaletewa balozi, ndo huyu huyu mjumbe wa nyumba kumi. Akasema heri mwanangwa, ukimpelekea pombe mlikuwa mnaelewana.

Wife anasema kosa ni langu, eti ile fulana ya upinzani ya 2010, mwaka ule Nyamagana na Ilemela zote zilienda upinzani, nilipewa pale Furahisha, bado inaanikwa kwenye kamba mjumbe anaiona. Nikamwambia mama hiyo ni ya kudekia, na ya kijani ya CCM nayo ni ya kudekia, sebuleni moja jikoni moja, mimi sibagui. Hata kugombea mwenyewe siwezi, bila chama kukudhamini sheria haikutambui, yaani mtu mzima na ndevu zangu mpaka nidhaminiwe kama mtuhumiwa.

Basi leo saa kumi narudi kijiweni, nimeamua nifungwe. Jana nilijaribu, nikamwachia visoda viwili wazi kabisa, hakuviona. Nikamwachia njia ya kingi, akapita pembeni. Nikashinda tena. Jamaa anacheza vibaya huyu, kufungwa naye ni kazi kuliko kupata mkopo.