Elimu ya Mtoto wa Kigoma Ianzie Kwenye Chumvi

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa, mjadala wa elimu mkoani Kigoma hurudi palepale: madawati, vyumba vya madarasa, upungufu wa walimu. Sibishi kwamba hayo yana uzito. Ninachodai ni kwamba sehemu ya uwezo wa mtoto kujifunza hujengwa akiwa tumboni, tena katika majuma ambayo mama yake pengine hajajua kuwa ni mjamzito, na kwamba sera zetu za malezi huchelewa kumfikia na madini joto (iodini), yale yanayowekwa kwenye chumvi.

Mwaka 2009 mchumi Erica Field, pamoja na Omar Robles na Maximo Torero, alichapisha utafiti uliofanywa kwa takwimu za Tanzania yenyewe. Kuanzia mwaka 1986 serikali ilikuwa ikigawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na wagonjwa wengi wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo unaoletwa na upungufu wa madini hayo, na kwa kuwa ugawaji ulichelewa hapa na kukatika pale, ndugu wa tumbo moja waliweza kutofautiana: mmoja mimba yake ilikingwa, mwingine hapana. Wachumi hao waliutumia mwanya huo kulinganisha watoto, wakakadiria kwamba waliokingwa tumboni walisonga mbele kimasomo kwa kati ya mwaka 0.35 na 0.56 zaidi ya wenzao, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana.

Haki inadai niseme pia kwamba watafiti wengine waliyarudia mahesabu hayo baadaye wakaona kuwa matokeo yale hayasimami imara. Kwa hiyo nisingependa diwani yeyote asimame barazani akaahidi nusu mwaka wa shule kwa kila kidonge. Hata hivyo, kipimo cha mchumi kikitiliwa shaka, elimu ya mwili iliyo nyuma yake haianguki. Katika miezi mitatu ya kwanza kijusi hutegemea homoni za tezi ya shingo ya mama, kwa sababu tezi yake mwenyewe haijaanza kazi, na homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila madini joto. Upungufu mkubwa katika kipindi hicho hudhuru ubongo kwa namna ambayo hakuna mwalimu atakayeirekebisha.

Hapo ndipo kliniki ya wajawazito, pamoja na wema wake wote, inaposhindwa. Wanawake wengi huanza kuhudhuria baada ya mwezi wa tatu, na hata anayewahi huwa amekwisha kupita majuma kadhaa ya mwanzo. Kinga ya aina hii lazima iwe mwilini mwa mwanamke kabla hajashika mimba, na njia pekee ninayoiona ya kumfikia kila mwanamke bila kumsubiri aje ni chumvi ya jikoni kwake, iliyowekwa madini joto.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika nchi za miinuko kama Kasulu, Buhigwe na Kibondo mvua za miaka na miaka huosha madini joto kutoka kwenye udongo, na mazao huyakosa. Ugali wetu mara nyingi ni wa muhogo, na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huacha kemikali zinazoizuia tezi kuyatumia hata yale machache yaliyopo. Wapo wanaoamini kwamba dagaa na migebuka ya Tanganyika inatosha. Samaki wa maji baridi hawana madini joto ya kulingana na samaki wa baharini.

Na chumvi tunayo. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, hapa hapa mkoani, zimechemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na tangu katikati ya miaka ya 1990 kanuni za nchi zinataka chumvi ya kuliwa iwekwe madini joto. Kazi imebaki kwa mzalishaji mdogo na kwenye chumvi ya kupima kwa kopo, inayokaa wazi juani na kwenye unyevu hadi madini yenyewe yanapotea.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamlenga mtoto wa miaka 0 hadi 8. Ningependa halmashauri za Kigoma ziisome ikianzia nyuma ya hiyo sifuri. Afisa afya anaweza kupima chumvi sokoni kwa tone moja la dawa, ambalo hugeuka rangi ya bluu au zambarau palipo na madini joto. Ikikutwa chumvi tupu, kumnyang'anya mama muuzaji gunia lake hakutamfikishia mtu yeyote madini hayo. Afadhali halmashauri ifuate gunia hilo hadi lilikotoka, iwaunganishe wachemshaji wadogo katika ushirika, na iwanunulie kwa pamoja iodeti ya potasiamu, kemikali ya kuitia chumvi madini joto, na vinyunyizio.