Mashine moja, mifumo miwili: kazi gani ikae wapi

Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft walipofunga msaada wa kawaida kwa Windows 10, mafundi wengi wamekuwa na jibu moja kwa wateja wenye kompyuta za mtumba: weka Linux, mfumo endeshi wa bure, pembeni ya Windows, uchague mmoja kila unapowasha, ugawe kazi. Ushauri huo una msingi. Dell Latitude au HP EliteBook yenye prosesa ya Intel kizazi cha sita bado ni mashine nzuri, ila Windows 11 rasmi haiikubali, kwa sababu inataka kizazi cha nane kwenda mbele na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuitupa mashine inayofanya kazi ni hasara isiyo na maana. Hata hivyo, kugawa kazi hakumfai kila mtu, na anayeshauriwa hivyo anastahili kuelezwa gharama yake kabla diski haijagawanywa kwa ajili ya mifumo miwili.

Nianze na faida iliyo wazi kabisa, usalama. Mfumo usiopata viraka vipya, yaani masasisho ya kuziba mianya ya usalama, haufai kuingia nao benki au kufungulia barua pepe. Kazi hizo zikihamia Ubuntu au Linux Mint, matoleo mawili ya Linux, unakuwa kwenye mfumo unaopata masasisho bure kwa miaka kadhaa, na brauza ni zilezile, Firefox au Chrome.

Kisha kuna suala la flashi. Aliyewahi kuprinti kwenye steshenari yenye foleni anaijua hali hii: unarudi nyumbani, unachomeka, unakuta folda zako zote zimegeuka shotikati za kilobaiti moja moja. Ukibofya, virusi vinaingia kwenye Windows yako. Flashi hiyohiyo ukiichomeka kwenye Linux, unaona kilichotokea. Folda zako halisi zipo palepale, kwa kuwa kirusi kilizipa tu alama ya kufichwa, alama ambayo Linux kwa kawaida haiijali. Pembeni yake utakuta faili lenye jina lisiloeleweka, mara nyingi linaishia na .vbs, na hapo halina nguvu kwa sababu liliandikwa kwa ajili ya Windows. Unalifuta, unafuta shotikati, unanakili kazi yako. Kwa mwalimu au mwanafunzi anayetembea na flashi kila siku, hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kuwa na Linux. Ila aelewe kwamba faili la Word lenye makro mbovu, yaani amri zilizofichwa ndani ya hati, halitakaswa kwa kupitia Linux. Likirudi Windows linarudi na ubaya wake.

Upande wa pili nao una uzito. Photoshop na CorelDRAW hazina toleo la Linux, na QuickBooks ya kusakinisha inataka Windows. Mwenye kazi ya mabango au hesabu za duka hana pa kukwepea. Nyaraka pia zina mtego wake. LibreOffice inafungua faili za Word vizuri, lakini kama mashine haina fonti ya Calibri na haijawekewa mbadala wenye vipimo vilevile, yaani Carlito, mistari inasogea, jedwali linarukia ukurasa wa pili na yaliyomo yanapishana na namba za kurasa. Kwa utafiti wa shahada unaokaguliwa hadi pambizo, hilo si jambo dogo. Andika popote unapopenda, lakini hati itakayosomwa kwenye Word imaliziwe kwenye Word.

Halafu kuna kero za mifumo miwili kuishi kwenye diski moja. Ya kwanza ni saa. Linux hutunza saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huitunza kwa saa za hapa. Kwa Afrika Mashariki tofauti ni saa tatu kamili: unatoka Linux saa tatu asubuhi, unaingia Windows inakwambia ni saa kumi na mbili, na ankara inachapwa na muda wa uongo. Dawa ni amri moja kwenye Linux, timedatectl set-local-rtc 1, lakini mafundi wachache huikumbuka. Ya pili ni ule uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup). Usipouzima, Windows haijifungi kabisa, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu yake ya diski. Ya tatu ni nzito zaidi. Agosti 2024 sasisho la Windows lililolenga kuziba mwanya wa usalama lilizifanya baadhi ya mashine zenye mifumo miwili zishindwe kuwasha Linux, na marekebisho kamili yalikuja Mei 2025. Mtumiaji wa kawaida hakuwa amekosea chochote.

Kwa maoni yangu, mpaka kati ya mifumo hiyo miwili unapaswa kufuata mtiririko wa kazi. Mfanyabiashara anayepokea oda kwenye WhatsApp ya kompyuta, akatoa ankara kwenye QuickBooks, akairudisha kwa mteja kama PDF, anafanya kazi moja isiyogawanyika. Ukimtaka azime na kuwasha kila oda inapoingia, baada ya wiki atabaki Windows tu, ileile isiyo na viraka, huku Linux ikila nafasi bure. Huyo ajiandikishe kwa nyongeza ya viraka vya Windows 10 (ESU) inayofika Oktoba 13, 2026, na muda huo autumie kutafuta mashine ya kizazi cha nane. Anayegusa Windows mara moja kwa wiki, kufunga hesabu au kumalizia tasnifu, agawe bila wasiwasi, na akiwa Windows azime Wi-Fi.

Atakayegawa aweke faili zake kwenye sehemu ya tatu ya diski yenye NTFS, muundo wa kuhifadhi faili wa Windows, kwa kuwa Linux inaisoma na kuiandikia, ilhali Windows yenyewe haisomi ext4, muundo wa Linux, bila programu ya ziada. Na kama mashine ina nafasi ya diski ya pili, baadhi ya Latitude zinayo, SSD ndogo ya peke yake kwa ajili ya Linux ni matumizi bora ya pesa kuliko kuongeza RAM: kila mfumo unabaki na diski yake, na hata Windows ikipigwa upya, Linux haiguswi.