Savitsky wa Nukus: mwokozi wa picha au mdeni wa wajane?

Wanaompenda Igor Savitsky humsimulia kama shujaa: mchoraji mzaliwa wa Kyiv aliyeziokoa maelfu ya picha ambazo serikali ya Kisovieti haikutaka zionekane, akazificha jangwani. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila kuna mambo mawili ambayo hupitwa haraka haraka: nani alilipa, na nani hakulipwa.

Savitsky alifika Karakalpakstan, magharibi mwa Uzbekistan, mwaka 1950, akiwa mchoraji wa msafara wa wanaakiolojia. Nchi ikamnasa. Akahama Moscow, akawa anazunguka kwa wenyeji akitafuta mazulia, vito vya fedha na nguo za zamani, vitu ambavyo wenyewe walishaviona takataka. Walimcheka. Mwaka 1966 akawashawishi wakubwa wa huko wafungue makumbusho ya sanaa mjini Nukus, yeye akiwa mkurugenzi, na baada ya hapo hamu ikahamia kwenye picha.

Tangu miaka ya 1930 sanaa iliyokubalika ilikuwa ya aina moja: mkulima mwenye siha, trekta, tabasamu. Waliochora vingine walifungiwa milango, na wengine, kama Mikhail Kurzin, walikamatwa. Kazi zao ziliishia darini na chini ya vitanda, mikononi mwa wajane na watoto. Huko ndiko Savitsky alikokwenda kubisha hodi, kisha akasafirisha mizigo hiyo kwa treni hadi Nukus, safari ya siku kadhaa kutoka Moscow.

Je, alikuwa mpinzani? Hapo mimi nasita. Alikuwa mtumishi wa serikali, na alinunua kwa fedha za serikali hiyo hiyo. Kallibek Kamalov, katibu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti katika Karakalpakstan, alimkingia kifua. Mlinganishe na George Costakis wa Moscow, aliyekusanya sanaa kama hiyo akiwa mwajiriwa wa ubalozi wa Kanada: mwaka 1977, ili aruhusiwe kuhama nchi, ilibidi aliachie Jumba la Tretyakov, makumbusho ya sanaa ya serikali mjini Moscow, sehemu kubwa ya mkusanyiko wake. Savitsky hakuwa na cha kunyang'anywa, maana vyote tayari vilikuwa mali ya serikali. Ujanja wake ulikuwa kuifanya serikali igharamie kitu ambacho haikijui.

Kuna picha pale Nukus ya fahali, kazi ya mchoraji Lysenko. Ni mnyama wa rangi ya buluu anayekutazama usoni, na macho yake ni matundu mawili meusi ya mviringo, kama umesimama mbele ya bunduki yenye mitutu miwili. Inasimuliwa kwamba wakaguzi waliagiza ishushwe. Ikashushwa. Walipoondoka, ikarudi ukutani. Inasimuliwa pia kwamba alipotaka kununua michoro ya Nadezhda Borovaya, mwanamke aliyechora maisha ya kambi ya wafungwa ya Kisovieti akiwa mfungwa humo, aliwaambia wakubwa kuwa hizo ni kambi za Wanazi. Fedha zikatoka. Huo ni uongo, na sijui nani angetaka aseme kweli.

Lakini upande wa wakosoaji una uzito kuliko wapenzi wake wanavyokiri. Bajeti yake haikutosha kamwe, kwa hiyo mara nyingi alichukua picha na kuacha ahadi ya malipo. Mjane wa mchoraji aliyeharibiwa maisha na serikali anabaki na karatasi ya deni, na mdaiwa ni taasisi ya serikali ile ile. Tena bei ilikuwa ndogo kwa sababu hakukuwa na soko, na hakukuwa na soko kwa sababu ya marufuku. Kwa maneno mengine, ukandamizaji ulimpunguzia Savitsky bei. Na picha zenyewe zilitoka chini ya kitanda zikaenda katika mji uliofungwa kwa wageni, ambako zilitazamwa na wachache mno.

Hata hivyo siwezi kusahau kwamba mbadala haukuwa nyumba ya mnada wala ukumbi wa Paris. Mbadala ulikuwa unyevu, panya, na mjukuu anayetafuta turubai la kuzibia paa. Yeye mwenyewe hakujibakizia kitu. Alisafisha shaba za kale kwa formalini, kemikali yenye sumu, bila kujikinga, mapafu yakaharibika, akafia Moscow mwaka 1984. Makumbusho yake yana vitu zaidi ya 80,000. Nyuma yake kulibaki pia madeni.

Ningekuwa mimi mmoja wa wajane hao, na mzee yule mkondefu akabisha hodi anakohoa, nadhani ningempa picha. Karatasi ya deni nisingeitupa.