Poti ya programu: Nginx ipige hesabu, au isome jedwali?

Seva moja inapobeba programu nyingi, wazo hili huja lenyewe: app1 iende poti (mlango wa mtandao wenye namba) 8001, app17 iende 8017. Basi Nginx, seva inayopokea maombi ya wageni na kuyapeleka kwa programu husika, ichomoe namba kwenye jina, iijumlishe na 8000, kazi iishe. Nginx haijumlishi. Lugha yake ya usanidi haina hesabu; ina jedwali la map, ambamo kila jina huandikiwa poti yake, na wengi huuhesabu huo kuwa upungufu. Nadhani wanaikosea haki.

Wana hoja, nakubali. Programu mia mbili ni mistari mia mbili ya jedwali, na kila mpya inadai usanidi usomwe upya. Kusoma upya hakukati huduma, ila michakato ya zamani hubaki hadi miunganisho yake iishe; penye WebSocket (miunganisho inayobaki wazi) za saa nyingi hurundikana na kula kumbukumbu. Kwa njs au Lua ya OpenResty, zinazoiwezesha Nginx kuendesha msimbo, jumla hiyo ni mstari mmoja tu.

Wasio na njs hubandika tarakimu: 80$namba. Lakini kubandika si kujumlisha. app17 inapata 8017, vizuri. App7 inapata 807. App123 inapata 80123, ilhali poti zinaishia 65535, na mgeni anarudishiwa kosa la 500. nginx -t, amri ya kukagua usanidi, haioni lolote, maana thamani hujulikana ombi likishafika.

Hayo yanarekebishika. Linalonitia hofu ni hii namba inatoka kwa nani. Inatoka kwenye Host, sehemu ya ombi inayotaja jina la tovuti, na Host huandikwa na mgeni. Kutosajili jina kwenye DNS, orodha ya majina ya mtandao, hakuzuii kitu, kwa kuwa curl, zana ya kutuma maombi, hutuma Host yoyote ile. Sasa mtu aandike app1200. Jumlisha 8000: ni 9200, poti ya Elasticsearch, hifadhidata ya utafutaji, ambayo kabla ya toleo la 8 la mwaka 2022 haikudai nywila isipokuwa umeiwashia ulinzi mwenyewe. Uliifunga isikilize 127.0.0.1 pekee, yaani mashine yenyewe, ukajiona salama, lakini Nginx nayo imo humo humo ndani. Ombi linaonekana la mwenyeji. Ukuta wa moto unaona 443 tu, umeridhika.

Weka kikomo cha tarakimu mbili, watasema. Sawa, 9200 imepona. Lakini app80 inafika 8080, na ni paneli ngapi za usimamizi zinakaa hapo? Fomula hufungua hata poti ambayo mwenzako ataitumia mwezi ujao bila kukuambia.

Jedwali la map halina tabia hiyo. Jina lililoandikwa lina poti yake. Lisiloandikwa unalirudishia 404. Mistari mingi haiichelewishi Nginx, kwani map hutafuta kwa hash, bila kupitia mstari mmoja mmoja. Hesabu ifanywe na skripti inayosimamisha programu: ijumlishe, iandike faili, iendeshe nginx -t, ndipo iamuru usanidi usomwe upya. Na michakato ya zamani inayong'ang'ania, mpangilio wa worker_shutdown_timeout huipa muda maalumu, kisha Nginx huifunga miunganisho iliyobaki.