Sifa za mkate nilizopewa bure Fes

Neno la kwanza nililolielewa jikoni Fes bila mtu kunifasiria lilikuwa hamira. Mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tulimwita Khalti, yaani dada yake mama, alininyooshea kidole kwenye rafu akasema "khmira". Nikamletea. Akanitazama kama nimesoma mawazo yake. Nilikuwa nimekwenda Moroko kujifunza Kiarabu, mwezi wa pili huo, na darasani bado nilikuwa nababaika. Kumbe nusu ya jiko lake nilitoka nayo Tanga: hamira, sukari, sinia.

Kufundishwa mkate niliomba mwenyewe. Khalti alicheka, akamwita binti yake aje aone kioja cha mwanamume anayetaka kukanda, kisha akakubali.

Mizani haikuwapo. Palikuwa na gsaa, chombo kipana cha udongo kama sinia lenye kingo, kilichowekwa chini sakafuni. Humo ukaingia unga mweupe wa ngano na mwingine wa chengachenga, chumvi, hamira na maji ya vuguvugu. Nikaanza kukanda kwa viganja, polepole, kama unga wa chapati. Khalti akanisukuma kwa bega. Akapiga magoti, akafumba ngumi mbili, akaulalia ule unga kwa uzito wake wote: anasukuma mbele, anakunja, anachovya ngumi kwenye maji, anasukuma tena. Aliponirudishia, dakika kumi hazikufika jasho likawa linanidondoka puani, na donge bado linanata vidoleni. Kila nilipodhani nimemaliza alilibonyeza kwa kidole na kusema neno moja tu: bado.

Mwishowe tukakata madonge manne, tukayabapa, tukayafunika kwa kitambaa yaumuke, kisha tukayatoboatoboa kwa uma. Nikayabeba kwenye ubao hadi ferran, tanuri la mtaa. Katika Fes ya kale magari hayaingii, vichochoro ni vya watu na punda, na kila mtaa ulijengwa na msikiti wake, bomba lake la maji, hamamu, chuo cha watoto na tanuri. Mchomaji hupokea mbao za nyumba nyingi, na hapotezi mkate wa mtu, maana anaujua mkono wa kila nyumba. Wa kwetu aliutazama mara moja tu, akauliza ni nani mgonjwa nyumbani. Mikate miwili ilikuwa minene upande mmoja, myembamba upande wa pili, mfano wa ndara iliyolika.

Hata hivyo nilisifiwa, nikasifiwa tena. Jirani aliitwa kuonja. Mjomba alipigiwa simu. Khalti alisema mke wangu atakuwa na bahati. Mimi nami nikavimba kichwa, nikapiga picha na kuzituma nyumbani.

Binti yake alikuwa amekaa pembeni akimega ule mkate wangu na kuchovya mchuzi, kimya. Yeye alikanda kila asubuhi kabla ya shule. Kwa miezi yote niliyokaa pale, sikusikia hata siku moja akiambiwa mkate wa leo mzuri. Wake ulikuwa mkate tu, upo mezani kama maji yalivyo kwenye mtungi.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia msafiri akilalamika kwamba watu wa Moroko wanaacha mkate wa nyumbani na kununua wa dukani, huwa nauliza amekanda mara ngapi. Mkate wa duara wa dukani ulikuwa dirhamu 1.20, bei ambayo serikali imekuwa ikiishikilia kwa muda mrefu, na ina sababu ya kuihofia: Juni 1981 vyakula vilipopandishwa bei, Casablanca iliwaka ghasia na watu wengi wakauawa. Yule binti aliniambia waziwazi kwamba akiwa na nyumba yake atanunua. Mama yake alisikia, akaguna. Mimi niko upande wa binti. Sikatai kwamba wa nyumbani ni mtamu zaidi. Kule mkate ndio kijiko, unauchotea mchuzi kwa vidole vitatu, na wa dukani hulegea kabla haujafika mdomoni. Lakini anayetaka utamu huo udumu na azipeleke ngumi zake kwenye gsaa, kila siku, si Jumamosi moja ya likizo yake.

Nami nisijitie usafi. Niliporudi Tanga niliwaita ndugu nikawaonyesha ujuzi. Tanuri hatuna, kwa hiyo nilioka kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Ukatoka vizuri kuliko nilivyotarajia, chini umeungua kidogo tu. Shangazi akapiga kigelegele. Picha zikapigwa tena, mimi katikati nimeshika mkate kwa mikono miwili.

Jioni nikaingia jikoni kutafuta kipande kilichobaki. Dada yangu alikuwa amechutama, anakwangua unga uliogandia kwenye sinia. Mkaa ule ndiye aliyeuwasha. Akaniuliza kesho nitaoka tena au anunue boflo.