Kabla sijakuwekea Linux, niambie unacheza gemu gani

Mwezi uliopita dogo mmoja wa hapa Sakina, Arusha, alikuja kwangu na kompyuta yake ndani ya kiroba cha unga. Ni Dell ya mtumba, prosesa ya Intel, i5 ya kizazi cha nne, aliinunua mjini kwa hela za upagazi wa mlimani za msimu mzima. Akaiweka mezani, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta.

“Shikamoo, bro. Windows inasema muda wake umeisha. Nikitaka kuweka ile ya 11, inagoma. Machalii wananiambia wewe unacheza gemu kwenye Linux. Na mimi niwekee.”

Nikaitikia salamu, halafu nikamuuliza: unacheza nini, na unacheza na nani?

Hakuyapenda maswali. Alitaka kusikia “inacheza” au “haichezi”, aondoke. Lakini tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, nimeshaletewa mashine za namna hii kadhaa, na nimejifunza kutojibu haraka. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha nane. Mitumba mingi inayopita mikononi mwangu ni ya kabla ya hapo. Mashine ni nzima, inawaka, ina nguvu, ila imeambiwa imezeeka. Hapo ndipo mtu anapoikumbuka Linux, mfumo wa bure wa kuwekwa mahali pa Windows, kama mgonjwa anavyomkumbuka mganga baada ya hospitali kumrudisha nyumbani.

Akiingia mtandaoni kuuliza, anakutana na Simba na Yanga. Hawa wanaapa kwamba siku hizi kila gemu inacheza. Wale wanamcheka kwamba Linux ni ya seva na ya wadukuzi. Hakuna anayemuuliza yeye anacheza nini.

Mimi nacheza gemu tangu darasa la nne. Nilianzia Ngarenaro, kwenye kibanda cha bati chenye televisheni mbili na PlayStation ya kwanza, gemu ya mpira ya Winning Eleven, aliyefungwa anatoka. Pedi zilikuwa zimelika mpaka huoni alama ya vitufe, na pembeni yako wamekaa watu wanne wanaosubiri ufungwe. Baadaye ikaja PS2, ikaja GTA San Andreas kwenye kompyuta ya baba mdogo, na huyo baba mdogo ndiye aliyenionyesha Linux bila kujua anachokianzisha.

Ilikuwa 2008. Canonical, wenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, walikuwa na mpango wa kutuma CD bure kwa posta popote duniani. Waliuanza 2005, wakaufunga 2011. Tuliagiza kwa sanduku la posta la kazini kwake. Bahasha ilipofika tukaona neno “ubuntu” na maelezo marefu ya Kiingereza kuhusu maana yake, tukacheka. Mswahili gani anahitaji kufafanuliwa hilo? Ni utu. Tukaiweka. Ikawaka vizuri, ikapendeza. Gemu zilizokuwepo: kupasua mapovu ya rangi, na pengwini anayeteleza kwenye barafu akiokota samaki. Wiki mbili tu, nikairudia Windows na San Andreas yangu bila kuaga. Wine, ile programu ya kuendeshea vitu vya Windows ndani ya Linux, ilikuwepo tangu 1993, lakini nilikesha nayo usiku mzima nikaambulia skrini nyeusi yenye sauti ya redio ya gari.

Kwa hiyo ninaposema mambo yamebadilika, nasema kama mtu aliyekwishaondoka mara moja kwa hasira.

Kilichobadilika ni mkalimani. Wanaohudhuria mikutano ya injili watanielewa: mhubiri kutoka ng'ambo anatema Kiingereza, mkalimani kasimama pembeni anadaka na kurusha Kiswahili. Mkalimani mbovu anasubiri sentensi iishe, anakuna kichwa, watu wanaanza kupiga soga. Mkalimani mzuri anakwenda sambamba na mhubiri, hata kidole akiinua naye anainua, mpaka unasahau kwamba wapo wawili. Gemu ya Windows inazungumza na kadi ya picha kwa lugha ya Direct3D, na Linux haina lugha hiyo. Zamani Wine iliitafsiri kwenda lugha nyingine, OpenGL, na hapo ndipo kichwa kilipokunwa. Mwaka 2016 ikatoka lugha mpya, Vulkan, iliyo karibu zaidi na namna kadi zenyewe zinavyofanya kazi. Kisha mwandishi wa programu anayeitwa Philip Rebohle, ambaye hamu yake ilikuwa kucheza gemu ya Nier: Automata kwenye Linux, akaandika DXVK, ya kutafsiri Direct3D kwenda Vulkan. Valve, wenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, wakamlipa aendelee. Agosti 2018 wakaifunga pamoja na Wine, wakaiita Proton, wakaiweka ndani ya Steam. Unabonyeza “cheza”, gemu inafunguka. Ndiyo hivyo tu. Mtu mmoja alitaka kucheza gemu yake, na mimi huku Sakina nikapata nafuu.

Binamu yangu ni dereva na mwongoza watalii. Aliniambia alipeleka familia ya wageni Ngorongoro, mtoto wao kutoka Arusha mpaka Karatu hajainua kichwa, kashika kigemu chenye skrini katikati. Akanielezea umbo lake nikajua: Steam Deck. Valve walianza kuiuza Februari 2022, na ndani yake kuna Linux, ya ukoo unaoitwa Arch. Yule mtoto hajui hilo wala halimhusu, na mimi naona hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Oktoba 2025, kwa hesabu za Steam wenyewe, watumiaji wa Linux walivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache, lakini nakumbuka tulipokuwa hatufiki hata moja.

Sasa turudi kwenye mashine za kiroba. Kompyuta yangu haina tofauti kubwa na ya yule dogo, isipokuwa nimeichomekea kadi ya AMD, RX 550 ya GB 4. Niliichagua kwa sababu za kimaskini: haihitaji waya wake wa umeme, inajitosheleza na ule wa kwenye ubao, kwa hiyo pawa saplai dhaifu ya kompyuta za ofisini haipati presha. Aliyeniuzia alisema imetoka Dubai ikiwa mpya, na feni yake ilikuwa na nywele za paka. Sikuweka draiva yoyote. Za AMD zinakuja ndani ya Linux yenyewe. Wenye kadi za Nvidia wana habari yao, ingawa siku hizi si chungu kama mwaka 2012, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoitukana kampuni hiyo mbele ya kamera huko Finland. Na kama mashine yako haina kadi kabisa, inategemea picha za Intel ya kizazi cha nne, usidanganywe: DXVK za sasa zinataka Vulkan 1.3, na hiyo Intel haifiki. Utacheza za zamani kwa mkalimani wa zamani, basi.

Za zamani ndizo zilizonirudisha. PES 2013, ile ya mpira, inacheza. San Andreas inacheza. Emuleta ya PS2, yaani programu ya kuchezea gemu za PS2 ndani ya kompyuta, inacheza. Hata kuna programu za enzi za Windows 3.1 ambazo Windows ya biti 64 imeshazikana kabisa, na Wine bado inazipokea.

Lakini PES 2013 ilinitesa, na wa kulaumiwa ni mimi. Nilikuwa na pachi, yaani mafaili ya kuongezea kwenye gemu, yenye Simba na Yanga, jezi kamili mpaka wadhamini. Nikaikopi juu ya folda ya gemu kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nikafungua: hakuna Simba. Hakuna Yanga. Ligi ya kwanza ni ile ile ya Waingereza. Nikakopi tena. Nikashusha Wine nyingine, nikafuta kila kitu nikaanza upya, nikakosa mpaka usingizi. Siku ya tatu nikaangalia folda kwa macho ya kutulia, nikaona kuna “img” na kuna “IMG”. Kwenye Windows hizo ni folda moja. Ukikopi, mpya inaingia ndani ya ya zamani. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo ilinitengenezea folda mbili zinazokaa jirani kama wake wenza, na gemu ikawa inamtembelea mke mkubwa tu. Nikahamisha mafaili, nikafuta moja, Mnyama akaingia uwanjani.

Nasimulia kwa urefu kwa sababu Linux inakukwamisha hivi. Kuanguka kwa kishindo ni nadra. Mara nyingi ni kitu kidogo kisicho na ujumbe wowote wa kosa, na fundi wa mtaani hatakusaidia maana naye hajawahi kukiona. Kama huna moyo wa kukaa na tatizo la “img” siku tatu, usiniruhusu nikuwekee.

Jingine ni bando. Steam kwenye Linux inapakua zaidi ya gemu: inapakua Proton, inapakua maktaba zake, halafu kila mara inaleta vipande vya kazi ya kadi ya picha vilivyokwishaandaliwa, kama mchicha unaouzwa sokoni ukiwa umekatwa tayari. Wenye fiba hawaoni. Mimi bando la wiki liliisha Jumanne. Ingia kwenye mipangilio uzime hiyo huduma. Gemu itakwamakwama dakika za mwanzo mashine ikijikatia mchicha yenyewe, kisha itatulia.

Ushauri mmoja wa haraka ambao wapenzi wa Linux hawatanisamehe: ukikuta gemu ina toleo rasmi la Linux na toleo la Windows, jaribu la Windows kupitia Proton. Matoleo rasmi mengi yalitengenezwa mara moja yakasahauliwa. Dota 2 na Counter-Strike za Valve wenyewe ziko salama, lakini zaidi ya hapo mara nyingi mkalimani anaijua hotuba kuliko mwenye hotuba.

Na kuhusu gemu za kuchoma, zile za kunakili bila kulipia, sitajifanya mtakatifu. Bei za Steam kwetu ni za dola, na mimi nasubiri punguzo la Desemba kama wanaosubiri sikukuu. Ila usiamini kwamba kirusi cha Windows hakikugusi ukiwa kwenye Wine. Kwa kawaida Wine huiona diski yako nzima kwa jina la Z. Kirusi nacho kitaiona.

Sasa lile swali la pili, unacheza na nani, ndilo linalovunja mioyo. Gemu kubwa za onlaini zina mlinzi wa kuzuia wachezaji wa udanganyifu, na walinzi wa siku hizi hawakai getini. Wanataka funguo za chumbani, yaani waingie mpaka kwenye kiini cha mfumo. Kwenye Linux hawapewi. Na kiufundi njia ipo: Easy Anti-Cheat na BattlEye, walinzi wawili wakubwa, waliwezeshwa kufanya kazi na Proton tangu 2021. Kilichobaki ni mwenye gemu kuruhusu. Wengine wameruhusu. Epic, ambao Easy Anti-Cheat ni mali yao tangu 2018, hawajairuhusu kwenye Fortnite yao wenyewe. Apex Legends iliruhusu 2022, ikafunga mlango Oktoba 2024 ikisema wadanganyifu wanapitia huko. GTA Online ilikuwa inacheza, Septemba 2024 ikawekewa BattlEye, ikakoma. Ile hadithi ya kucheza peke yako imebaki. Valorant usiitaje kabisa.

Hoja yao siipuuzi yote. Mtu anayeweza kukibadilisha kiini cha mfumo wake anaweza kumdanganya mlinzi, na kwenye Linux kila mtu anaweza. Lakini hao wadanganyifu wa kwenye Windows wanaolalamikiwa kila siku walipitia mlango gani? Mimi nikichagua kati ya gemu moja na funguo za kompyuta yenye picha za wanangu na hesabu za duka la mke wangu, gemu itasubiri nje.

Ninachokubali kwa uchungu ni mpira. EA Sports FC, hizi mpya, zina mlinzi wa EA mwenyewe na kwenye Linux hazichezeki, hata ukitaka kucheza na kompyuta tu. Na sisi hapa tukisema gemu, tisa kati ya kumi tunamaanisha mpira. Kwa hiyo sitamwambia mwenye kibanda atupe PlayStation zake aweke Linux. Angefunga biashara wiki hiyo hiyo, na mimi ningekosa pa kwenda Jumapili.

Yule dogo alinijibu mwishoni. Anacheza San Andreas, PES na vigemu vya PS2. Na FC? Anacheza, kwa kaka yake Njiro, kwenye PS4 ya kaka yake.

“Na onlaini?”

“Bando la nani, bro?”

Nikamwekea Linux Mint siku hiyo hiyo, na kwa kuwa hana kadi ya picha nikamwambia kabisa ni nini ataendesha na ni nini asihangaike nacho. Jumamosi anakuja na pachi mpya ya ligi kwenye flashi. Nimemwambia asikopi chochote kabla sijaiona ile folda.